Penseli na Macho: Funzo la Mchoraji wa Wanyama kwa Shule za Sekondari

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii hutumika sana kuwaonya wavivu, lakini yafaa pia kuwa kanuni ya kwanza ya elimu ya viumbe. Viumbe vilivyo vingi havikai mahali pa kuonekana na mtu apitaye haraka. Hukaa chini ya jani, ndani ya gome, penye tope la kijito, au juu ya mti ambako ukungu wa asubuhi haujaondoka. Mtu asiyeinama, wala asiyesimama na kungoja, hawezi kuviona hata kama amezaliwa na kukulia kando yake.

Uchukuliwe mfano wa Suma, wilayani Rungwe. Nchi ya huko ni ya kijani karibu mwaka mzima. Mvua katika sehemu za Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake, uliotokana na volkano za kale, hustawisha migomba, chai na kahawa. Mwanafunzi anayekwenda shuleni asubuhi katika nchi kama hiyo hupita katikati ya maabara iliyo wazi. Chozi hufyonza utamu katika ua la mgomba. Kinyonga hutambaa katika ua wa miti, jicho moja likitazama mbele na jingine nyuma. Utando wa buibui hubeba umande, na mtu aweza kuhesabu nyuzi zake moja baada ya nyingine. Mwanafunzi huyo hufika darasani, akafungua daftari lake, akaanza kunakili kutoka ubaoni mchoro wa panzi ambao mwalimu ameunakili kutoka kitabuni, na mwandishi wa kitabu naye aliutoa katika kitabu kingine. Mara nyingine miguu ya panzi huyo imeota tumboni badala ya kifuani, wala hakuna anayetambua kosa. Panzi halisi ameachwa nje ya dirisha.

Makala haya yanatetea jambo moja: kwamba kuchora kiumbe hai, mbele ya macho na mahali anapoishi, si pambo la somo la baiolojia wala si kazi ya wachache wenye kipaji, bali ni njia ya utafiti, na kwamba shule isiyowapeleka wanafunzi wake nje na penseli mikononi inawanyima chombo cha kwanza cha sayansi. Ushahidi wa jambo hilo haupatikani mbali. Umo katika kazi ya mchoraji mmoja mzaliwa wa Tabora, na umo katika habari za mnyama mmoja wa mlima Rungwe.

MCHORAJI ALIYEULIZA MASWALI

Jonathan Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935, akakulia katika Tanganyika ya wakati ule. Chuoni hakusomea elimu ya wanyama. Alisomea sanaa nchini Uingereza, na tangu mwaka 1960 akawa mwalimu wa sanaa huko Makerere, Uganda. Ndipo alipoanza kazi ambayo hata jopo la wataalamu wa zoolojia lingeiogopa: kuwaeleza na kuwachora wanyama wanyonyeshao wa Afrika ya Mashariki, tangu popo na panya hadi tembo. Kazi hiyo, iitwayo East African Mammals, ilichapishwa kwa sehemu kati ya mwaka 1971 na mwaka 1982, ikawa vitabu saba.

Anayevifungua vitabu hivyo kwa mara ya kwanza hushangaa kuona kwamba michoro mingi si picha zilizokamilika za kupamba ukuta. Ukurasa mmoja waweza kuwa na mnyama yule yule mara nyingi: akijikuna, akinusa, akigeuza shingo, akilala. Ukurasa mwingine unaonyesha fuvu, meno, au misuli ya bega iliyofunuliwa baada ya mnyama aliyekufa kupasuliwa. Michoro hiyo ni mazungumzo baina ya mkono na jicho. Mchoraji anapofika begani hulazimika kujiuliza mfupa uko wapi na unashikwa na nini. Anapofika sikioni hulazimika kujiuliza kwa nini liwe kubwa namna ile. Mtu anayetazama tu aweza kuyapita maswali hayo. Anayechora hawezi, kwa sababu mstari hauwezi kuendelea mpaka aamue unapita wapi.

Mifano miwili yatosha kuonyesha mahali maswali ya namna hiyo yanapoweza kumfikisha mtu.

Mfano wa kwanza ni nyuso za kima. Katika misitu ya Afrika aina kadhaa za kima huishi pamoja, hata pengine hula matunda katika mti mmoja. Miili yao hufanana kwa kiasi kikubwa, lakini nyuso zao zina mapambo yasiyofanana: huyu ana doa jeupe puani, yule ana mashavu ya manjano, mwingine ana mkanda juu ya macho au ndevu nyeupe. Kingdon, kwa kuwatazama na kuwachora kwa muda mrefu, alitambua kwamba mapambo hayo hayawezi kuelezwa pasipo kuangalia jinsi kila aina inavyotikisa na kugeuza kichwa mbele ya wenzake. Katika andiko la kitaalamu la mwaka 1980 alieleza kwamba nyuso hizo ni ishara, mithili ya bendera, ambazo kwazo kila mnyama huwatambua walio wa aina yake. Mwaka 2014 watafiti wengine walipima nyuso za kima katika picha nyingi kwa kutumia programu ya kompyuta ya kutambua sura. Waliona kwamba nyuso za aina zinazoishi eneo moja zimezidi kutofautiana, kama inavyotazamiwa iwapo kazi yake ni kuzuia aina moja isichanganyike na nyingine. Kompyuta ilifika zaidi ya miaka 30 baada ya penseli, ikakuta njia imekwisha kufyekwa.

Mfano wa pili ni panya mwenye shungi, ambaye wataalamu humwita Lophiomys imhausi. Huyu ni mnyama wa usiku, mzito na wa mwendo wa polepole, mwenye manyoya marefu. Anaposhambuliwa na mbwa, hakimbii kama panya wengine. Husimama, akayapasua manyoya ya ubavuni, ukaonekana mkanda wa nywele za namna ya pekee uliozungukwa na rangi nyeusi na nyeupe, kana kwamba anamwonyesha adui mahali pa kung'ata. Mbwa waliothubutu kufanya hivyo waliugua, na wengine walikufa. Mtazamaji wa kawaida angesema kwamba panya huyo ana sumu, basi, akaondoka. Lakini mtu aliyezoea kuchora huuliza: nywele hizi mbona si kama zile nyingine?

Mwaka 2011 Kingdon na wenzake walichapisha jibu. Panya huyo hana sumu yake mwenyewe. Hutafuna gome na mizizi ya mti uitwao kitaalamu Acokanthera schimperi, ule ule ambao wawindaji wa Afrika ya Mashariki waliutumia kutengeneza sumu ya mishale, kisha huipaka mate yenye sumu katika nywele za ule mkanda wa ubavuni. Chini ya darubini nywele hizo zinaonekana zimetobokatoboka kama wavu, hata zikanyonya na kuhifadhi mate hayo mithili ya utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Sumu yenyewe hushambulia moyo. Mwaka 2020 watafiti wengine waliwanasa panya wa aina hiyo nchini Kenya, wakawaangalia kwa kamera, wakaithibitisha tabia hiyo. Panya huyu alikuwa amekwisha kuingizwa katika kitabu cha Kingdon cha sungura na wanyama wagugunao, kilichotoka mwaka 1974. Hivyo muda wa miaka 37 ulipita baina ya kitabu kile na jibu lile. Subira ya namna hiyo haifundishwi kwa kunakili ubaoni.

MNYAMA ALIYEKUWA NA JINA KABLA YA KUANDIKWA

Sasa inafaa kurudi Rungwe. Mlima huu una urefu wa karibu meta 2,960, na misitu yake imeungana na historia ya misitu ya Livingstone iliyo upande wa mashariki, ambayo tangu mwaka 2005 imo katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society, chini ya Tim Davenport, waliokuwa wakifanya kazi katika milima hiyo, walisikia kwa wenyeji habari za tumbili mwenye haya nyingi aliyeitwa kipunji. Mwanzoni haikuwa rahisi kujua kama anayesemwa ni mnyama wa kweli au wa hadithi. Mwaka huo huo walimwona. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti, bila kujua habari za Rungwe, lilimkuta mnyama huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, umbali wa kiasi cha kilomita 350. Mwezi Mei 2005 jarida la Science lilitangaza kwa pamoja kazi ya makundi hayo mawili: tumbili mpya kwa sayansi, naye akabaki na jina alilopewa na Wanyakyusa.

Yafaa msomaji atue hapa. Neno "mpya" lina maana gani? Kwa mwindaji wa Rungwe kipunji hakuwa mpya hata kidogo. Alijua makao yake na alimpa jina la pekee, kwani hakumchanganya na kima wala na mbega. Elimu hiyo ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kuikusanya katika karatasi: manyoya marefu ya rangi ya kijivu na hudhurungi yafaayo baridi ya milimani, shungi lililosimama wima kichwani, uso mweusi, tumbo na ncha ya mkia vyenye weupe, na mlio mzito kama wa mchanganyiko wa honi na mbweko, usiofanana na mlio wa jamaa zake wa msituni. Kila sifa kati ya hizo ni jambo ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili angeweza kulichora au kuliandika, kama angefundishwa kwamba yale ayaonayo katika wilaya yake yana thamani ya kuandikwa.

Habari hiyo haikuishia hapo. Mnyama huyo alipotangazwa, kielelezo chake cha kisayansi kilikuwa picha za kamera, kwa kuwa watafiti hawakutaka kumuua mnyama adimu. Wataalamu walibishana kuhusu uhalali wa jambo hilo. Baadaye, mwaka 2005, kipunji mchanga wa kiume alikutwa amekufa katika mtego uliotegwa na mkulima ndani ya shamba la mahindi mlimani Rungwe. Fuvu lake lilipopimwa na vinasaba vyake vilipochunguzwa, ilionekana kwamba hakuwa wa jenasi aliyowekwa hapo kwanza, bali alikuwa karibu zaidi na nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya tumbili wa Afrika tangu mwaka 1923. Jina la wilaya likaingia katika vitabu vya dunia nzima kwa sababu mnyama aliyeharibu mahindi alifikishwa kwa watu waliojua kumtazama. Angeweza pia kutupwa kichakani, na habari yake ingeishia hapo.

Tena kipunji si kiumbe cha kwanza cha nchi hiyo kupita katika daftari la mtu mwingine. Kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Poroto alipewa jina la kisayansi mwaka 1900, nalo ni la daktari wa Kijerumani, Fülleborn. Jenasi nzima ya okidi ndogo ndogo inaitwa Stolzia, kwa kumkumbuka Adolf Stolz, mmisionari aliyekusanya mimea mingi huko Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Hakuna haja ya kuwalaumu watu hao kwa kuwa walitembea, wakainama, wakaandika. Lakini funzo ni kali: jina huandikwa na mwenye kalamu. Watoto wa Rungwe waliwaona vinyonga hao kabla ya kila mgeni, lakini hawakuambiwa kwamba kuona kwao ni mwanzo wa sayansi.

HOJA ZA WANAOPINGA

Hapana shaka walimu wengi watakuwa na hoja za kupinga, na hoja hizo zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni ya wakati. Muhtasari wa somo ni mrefu, madarasa yamejaa, na mtihani hausubiri. Ni kweli. Lakini matembezi yanayosemwa hapa si safari ya basi wala sikukuu ya shule. Nusu saa kwa juma, nyuma ya madarasa, yatosha. Aidha, nusu saa hiyo haitolewi nje ya muhtasari. Uainishaji wa viumbe, mabadiliko ya umbo yanayomfaa kiumbe katika mazingira yake, uchavushaji, mnyororo wa chakula, yote hayo yanaonekana juu ya mgomba mmoja wenye ua. Mwanafunzi aliyemchora panzi halisi mara tatu, na mara mbili akakosea, hahitaji kukariri kwamba miguu sita hutoka kifuani. Alikwisha kuiona ikitoka huko.

Hoja ya pili ni ya kipaji. Wanafunzi husema, "Sijui kuchora," na mwalimu mwenyewe pengine husema hivyo. Hapa pana mchanganyiko wa mambo mawili. Taifa hili linajivunia uchoraji wa wanyama unaotokana na ubunifu. Michoro ya Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, imezaa mtindo unaojulikana ulimwenguni kote, na hakuna anayemdai chui wa Tingatinga awe na idadi kamili ya madoa. Mchoro wa kisayansi ni kazi nyingine. Hautaki urembo wala kivuli, bali unataka mstari mmoja safi, uwiano wa kweli, kipimo na majina ya sehemu. Mchoro mbaya wenye kipimo sahihi una faida kuliko mchoro mzuri wa kubuni. Na pale mwanafunzi anaposhindwa kuchora kiungo fulani, mara nyingi si mkono ulioshindwa bali jicho. Arudi akatazame tena. Kushindwa huko ndiko kunakomwonyesha asilolijua.

Wako pia wasemao kwamba sanaa na sayansi hazikai chungu kimoja. Historia haikubaliani nao. Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1647, alikuwa mchoraji. Alifuga viwavi, akawachora siku baada ya siku pamoja na majani waliyoyala, hata walipokuwa vipepeo. Mwaka 1699 alisafiri hadi Suriname, Amerika ya Kusini, na kitabu chake kuhusu wadudu wa huko kilitoka mwaka 1705. Katika zama ambazo watu wengi bado waliamini kwamba wadudu huzaliwa na uchafu na uozo, michoro yake ilionyesha yai, kiwavi, buu na kipepeo kuwa maisha ya kiumbe mmoja. Hakuwa na shahada. Alikuwa na subira na rangi.

Hoja ya tatu ni ya siku hizi: kwa nini mtu achore, nayo simu ina kamera? Habari ya kipunji inajibu kwa pande zote mbili. Picha ilikuwa shahidi wa lazima, na bila picha watu wasingesadiki. Lakini picha hupokea kila kitu bila kuchagua, na mwenye kupiga picha aweza kuondoka asijue amepiga nini. Mchoro hulazimisha uchaguzi, na kila uchaguzi ni swali lililojibiwa. Mwanafunzi aliyepiga picha 20 za kinyonga atakuwa na picha 20. Mwanafunzi aliyemchora kwa dakika 20 atajua kwamba vidole vyake vimegawanyika makundi mawili kama koleo, kwamba mkia hujikunja kwa ndani, na kwamba macho hayaendi pamoja. Basi kamera iwe shahidi, penseli iwe mpelelezi.

Hoja ya nne ni ya usalama na sheria. Msitu wa mlima Rungwe ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, na haifai mtu kuingia humo bila idhini na bila kiongozi. Wala hakuna haja. Anayeanza kujifunza kutazama aanzie uani. Mfereji wa maji una viluwiluwi na kerengende. Ukuta wa choo una mijusi. Rundo la majani makavu chini ya migomba lina konokono, jongoo na mbawakavu kuliko mtu awezavyo kuchora kwa muhula mmoja. Mwanafunzi aliyeshindwa kumwona konokono hatamwona kipunji.

DAFTARI LA MWAKA MMOJA

Kwa hiyo linalopendekezwa kwa kila shule ya sekondari, ya Suma na ya kwingineko, ni jambo la gharama ndogo. Kila mwanafunzi awe na daftari moja lisilotumika kwa kazi nyingine, penseli, rula na kifutio. Kila mwanafunzi achague mahali pamoja, hata kama ni hatua tano kwa tano: sehemu ya ua, mti mmoja, ukingo wa kijito. Aparudie hapo hapo kila juma kwa mwaka mzima.

Kila mara aandike tarehe, saa, hali ya mvua na jua. Achore kiumbe kimoja tu, na aandike urefu wake kwa milimita. Asichore asichokiona: kama miguu ya nyuma imefichwa na jani, aiache. Chini ya mchoro aandike swali moja ambalo mchoro wenyewe umelileta. Kwa nini buibui huyu amekaa kichwa chini? Kwa nini chozi hufika katika ua hili asubuhi kuliko adhuhuri? Mwalimu asifanye haraka kulijibu swali. Ni vema alirudishe mahali lilipotoka, mwanafunzi akalitafutie jibu kwa kutazama tena.

Jambo moja zaidi liongezwe, nalo ni kubwa. Mwanafunzi akapeleke mchoro wake nyumbani, amwonyeshe babu au bibi, aulize: kiumbe hiki huitwaje katika lugha yetu, hupatikana wapi, hula nini, kilikuwa kingi zamani au la? Jibu aliandike pembeni kama alivyoambiwa, kisha alipime kwa macho yake. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya juu ya elimu inayomfanya kijana adhani kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni, na kwamba wazee wake wasiosoma hawana la kumfunza. Kipunji ni ushahidi kwamba onyo lile lilikuwa la kisayansi kama lilivyokuwa la kisiasa. Wataalamu walimpata mnyama huyo kwa kuwa kwanza waliwasikiliza wenyeji.

Na wakati hauko upande wa wazembe. Hesabu ya kwanza ya kipunji, iliyochapishwa mwaka 2008, ilikisia kwamba wako 1,117 tu duniani, idadi ambayo ingetoshea katika shule mbili au tatu za sekondari. Msitu ukikatwa, mnyama hutoweka pamoja na makao yake. Lakini kuna kutoweka kwingine kusikotoa sauti ya shoka. Mzee anapofariki na majina ya ndege ishirini kichwani mwake, na mjukuu wake akajua jina la amiba tu, sehemu ya nchi imefutika ingawa miti bado imesimama. Hakuna atakayelilia kiumbe ambacho hakuwahi kukiona wala kukijua kwa jina.

Haitazamiwi kwamba kila mwanafunzi wa Rungwe awe mchoraji wa wanyama, wala kwamba kila daftari litavumbua jenasi mpya. Inatazamiwa jambo dogo zaidi ambalo ndilo msingi wa hayo yote: kwamba kijana amalizaye kidato cha nne aweze kusimama kimya kwa dakika kumi mbele ya kiumbe hai, aone alichokiona na si alichoambiwa, akiandike kwa namna ambayo mtu mwingine aweza kukihakiki. Mwalimu atakayeanza juma lijalo hahitaji waraka wala fedha. Afungue mlango wa darasa, awatoe wanafunzi nje, naye mwenyewe awe wa kwanza kuinama.